Jumamosi Hii, Amka kwa Ajili Yako

Ndugu yangu wa Dar es Salaam, wiki nzima umedamka saa kumi na moja kwa ajili ya wengine: foleni, daladala, bosi, mteja. Jumamosi hii damka saa hiyohiyo kwa ajili yako!

Najua utajitetea kwamba ni siku ya kufidia usingizi. Basi Ijumaa lala mapema. Ukijifunika shuka mpaka saa nne, utaamkia jua kali, kikao cha harusi na mchango wa msiba, na siku imeshakuponyoka. Alfajiri ndiyo saa pekee ambayo jiji hili halikudai chochote.

Nenda Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022. Anzia upande wa Aga Khan, uelekee Coco Beach, bahari ikiwa kulia kwako. Kunapopambazuka, jua linachomoza huko huko majini, na upepo bado una ubaridi. Vikundi vya jogging vitakupita vikiimba na kupiga makofi, fulana sare zimeloa jasho mgongoni. Usione haya kubaki nyuma. Tembea haraka kiasi cha kuhema, ila uweze kuongea; hayo ni mazoezi kamili. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate walau dakika 150 za namna hiyo kwa wiki. Saa moja na robo Jumamosi, saa moja na robo Jumapili, umezitimiza. Tena bila kulipia gym!

Na kama miguu haitaki, mikono je? Lile gitaa lililojaa vumbi juu ya kabati lishushe. Chukua mshipi ukavue. Au toka uani na ndoo iliyopasuka, ijaze udongo na samadi, mwaga mbegu za mchicha, nyunyiza maji kwa kiganja. Siku chache tu vichipukizi vyekundu vinachungulia; unavipunguza kimoja kimoja, udongo umekuingia kwenye kucha, na kichwa kilichobeba madeni ya wiki nzima kinapumua. Baada ya wiki tatu au nne, unachuma mboga yako mwenyewe.

Usisubiri mwezi mpya wala mwaka mpya. Mpigie rafiki mmoja mkubaliane pa kukutana, na Ijumaa usiku weka raba mlangoni, ujaze chupa ya maji. Kengele ya simu utaizima. Mtu anayekusubiri barabarani huwezi kumzima. Mpigie leo.