Kumpandia Nani Katika Ardhi ya Kukodi

Mwezi wa Novemba, mkazi wa mjini Uingereza aliyekaa miaka kwenye orodha ya kusubiri hupewa ufunguo wa geti na namba ya kipande chake cha bustani. Sheria ya mwaka 1908 ndiyo inayozitaka halmashauri kuwakodishia wananchi vipande hivyo pale vinapohitajika, na kipande kamili kwa kipimo cha jadi ni kama mita za mraba 250. Mpangaji mpya anakuta majani marefu yaliyolala kwa unyevu, miiba imeshika kona, na udongo unanata kwenye buti. Jua la London kuelekea mwisho wa Desemba halitimizi saa nane kwa siku. Apande nini?

Swali linaonekana ni la jembe tu. Lakini chini yake kuna jingine lililowashughulisha manabii na wanafalsafa: anayepanda katika ardhi isiyo yake, anampandia nani?

Baridi yenyewe inajibu nusu ya swali la kwanza. Mbegu nyingi zikifukiwa Desemba zitaoza, ila kitunguu saumu kinaihitaji baridi: kisipopata wiki kadhaa za ubaridi, punje iliyopandwa huweza kutoa kitunguu kimoja cha duara kisichogawanyika. Mkulima huvunja kichwa kizima, huchagua punje nene na kuzisimamisha kwenye mstari, kitako chini, ncha juu, sentimita 15 kati ya moja na nyingine. Huzifukia mpaka ncha zisionekane, maana ndege huzidonoa na kuzing'oa, na asubuhi humlazimu kupita tena kurudishia zilizotupwa juu. Jirani yake kitunguu saumu ni maharage mapana, yale ambayo Wamisri huyapikia ful. Aina iitwayo Aquadulce Claudia hupandwa Oktoba na Novemba, huota, ikiwa bado fupi huvumilia barafu, na huanza kuvunwa kiangazi kinapoingia. Kwenye mizizi yake wanaishi bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, hivyo mmea ukikatwa na mizizi ikaachwa ardhini, udongo unabaki na faida.

Mazao hayo yanamlipa aliyeyapanda ndani ya mwaka mmoja. Ugumu unaanzia kwenye miti.

Kuanzia Novemba hadi Machi, mtufaha, mpea na mplamu huwa imelala, na vitalu huiuza ikiwa imeng'olewa, mizizi mitupu bila udongo, kwa bei nafuu kuliko ya kwenye chungu. Mizizi hiyo haitakiwi kukauka hata kidogo. Shimo huchimbwa la kuitosha, na lile fundo la shina linaloonyesha mti ulipounganishwa huachwa juu ya udongo. Mtufaha mfupi huhitaji kama miaka mitatu au minne ndipo utoe mavuno ya maana. Mpangaji, kwa upande wake, hulipa kodi mwaka kwa mwaka. Anaweza kuhamishwa kikazi, kuugua, au kupokea notisi. Kwa hesabu ya mfukoni, mti ni biashara mbaya.

Cicero, mwanafalsafa wa Roma ya kale, katika kitabu chake juu ya uzee cha mwaka 44 kabla ya Kristo, alimweka mbele ya wasomaji mkulima mzee anayepanda miti ya kizazi kingine. Akiulizwa anampandia nani, mkulima huyo anaitaja miungu, iliyotaka apokee kutoka kwa waliotangulia na kuwaachia wajao. Mambo ya Walawi 25 inakwenda mbali zaidi: nchi ni ya Mungu, na Waisraeli waliopewa kuilima ni wageni na wapangaji tu humo. Kwa mujibu wa sura hiyo, hata mwenye hati ya shamba ni mpangaji. Yeremia naye aliwaandikia Wayahudi waliohamishiwa Babeli, watu waliokuwa na kila sababu ya kuishi mguu ndani mguu nje, akawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake. Na katika Uislamu imo hadithi iliyopokewa kwa Anas bin Malik, kwamba mtu akifikiwa na Kiyama naye ana mche mkononi, kama anaweza kuupanda basi aupande. Hapo hakuna hata kizazi kijacho cha kurithi. Kilichobaki ni tendo lenyewe na Mola anayeliona.

Yupo atakayepinga, na hoja yake ina uzito: maneno ya vizazi ni rahisi kwa aliyeshiba. Vipande hivi vilitokana na njaa. Sheria za kuzungushia ua ardhi ya pamoja, hasa katika karne za 18 na 19, ziliwanyima maskini wa Uingereza mahali pa kulisha ng'ombe na kuokota kuni, na vipande vya kukodi vikawa namna ndogo ya kufidia hasara hiyo. Kabla ya hapo, mwezi Aprili 1649, Gerrard Winstanley na wenzake walikwenda St George's Hill, Surrey, wakaanza kulima wakiamini kwamba dunia ni hazina ya watu wote. Walipanda maharage, karoti na mazao mengine ya mizizi. Walitaka chakula cha mwaka uleule, na kabla mwaka haujaisha walikuwa wamefukuzwa mahali pale.

Kwa hiyo kitunguu saumu na maharage visidharauliwe. Kulisha nyumba yako ni wajibu, tena wa kwanza. Kosa linaingia pale mpangaji anapoikamua ardhi kwa kuwa tu si yake, au anapoinyima mti kwa kuwa huenda asiule. Anachomiliki kwa hakika ni kazi ya mikono yake. Ardhi aliikuta na ataiacha, sawa na mwenye hati.

Hata mti wenyewe una haki za wengine ndani yake. Uingereza, kivuli cha adhuhuri huangukia kaskazini. Anayepanda mtufaha kwenye mpaka wa kaskazini huokoa matuta yake na kumtia gizani jirani wa upande ule. Ndiyo sababu kwenye bustani nyingi mpangaji hutakiwa kuomba ruhusa kabla ya kupanda mti. Mwenye kufikiri huchagua mti uliounganishwa kwenye mzizi wa kudumaza, husogea mita kadhaa kutoka mpakani, na kabla ya kuchimba humwuliza jirani.

Kisha inakuja subira. Wakulima wengi hushauri vitunda vya mwaka wa kwanza viondolewe vikiwa vidogo, ili nguvu ya mti iende mizizini. Mambo ya Walawi 19 iliwakataza Waisraeli kula matunda ya mti mpya kwa miaka mitatu, na ya mwaka wa nne ikayaweka wakfu kwa Mungu. Mpangaji wa leo hafungwi na amri hiyo, ila mtufaha wake unamtaka karibu muda uleule, huku kila majira ya baridi akiupogoa, akiumwagia mboji shinani na kukagua kamba ya mhimili isiukate gome. Akihama kabla haujazaa, atakayeukuta ni mtu wa kwanza kwenye orodha ya kusubiri, ambaye huenda hajawahi kuonana naye.