Huku Baridi Tu

Jumapili moja ya Machi 2025 nilimdanganya mama nikiwa nimelala chali kwenye nyasi, viatu nimevua, jua linanipiga usoni. Alipiga simu akitoka kanisani. Baada ya shikamoo na marahaba akanipa habari za shamba: wiki ya tatu hawajaona tone, mahindi yametoa mbelewele na majani yamejikunja. "Jua linatumaliza, mwanangu," akasema. Kisha akauliza, "Huko je?"

"Huku baridi tu, mama. Tupo ndani tunasoma."

Nyasi zenyewe zilikuwa za Tempelhof, jijini Berlin. Pale palikuwa uwanja wa ndege mpaka 2008. Mwaka 2010 wakapafungua pawe pa kupumzikia, na 2014 wakazi wa jiji wakapiga kura kukataa pasijengwe. Ni zaidi ya hekta 300 za uwazi katikati ya majengo, na kwenye njia walizorukia ndege sasa zinapita baiskeli. Kivuli ni cha kutafuta. Nilipopaona mara ya kwanza, Oktoba, upepo unakata masikio, nilishangaa watu wanapapendea nini. Lakini mtu aliyemaliza majira ya baridi yake ya kwanza Ujerumani, miezi ambayo saa kumi na moja jioni giza limeshakaa kama lina miaka yake pale, haelekezwi njia siku jua linaporudi. Unakuta miguu imeshatoka nje. Siku ile watu walikuwa wamejaa, wazee kwa watoto, wamejilaza kama kenge juu ya jiwe, macho wamefumba, makoti wamekunja chini ya vichwa. Miti bado haina jani hata moja. Ndiyo kwanza majira ya kuchipua yanabisha hodi, na hakuna aliyetaka kusubiri yaingie.

Kwetu Kongwa, mkoani Dodoma, mtu mzima akijilaza juani namna ile watu watamfuata kumuuliza kama anaumwa. Jua ni kitu cha kukimbia. Mgeni akifika, heshima ya kwanza ni kumsogezea kiti chini ya mwembe. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, na ikikatika kabla mahindi hayajabeba, mwaka nao umekatika.

Sasa, kwa nini nilidanganya? Jibu la haraka ni aibu. Mama aliuza ng'ombe wawili nikapata nauli ya kuja huku. Hakuuza ili nije kujianika.

Mimi nasoma maadili, kwa hiyo nilianza kujihoji kama tunavyohojiana darasani. Tumesoma makala ya Peter Singer ya 1972, ile ya mtoto anayezama kwenye kidimbwi: ukiweza kumwokoa kwa gharama ya nguo kuchafuka, huna haki ya kupita. Ni hoja nzito, lakini inadai nitoe kitu. Na mimi siku ile sikuwa na cha kutoa. Ningerudi chumbani nikafunga pazia, Kongwa lisingeanguka tone. Raha yangu haikumpunguzia mama chochote. Hoja hii nimeigeuza mara nyingi na sioni kosa lake. Haikunisaidia kitu.

Kilichonivuruga zaidi kilikuja siku mbili baadaye. Mwanafunzi mwenzangu ambaye kwao ni wakulima Brandenburg, jimbo linaloizunguka Berlin, aliniambia baba yake hana furaha tangu jua lile lianze. Sehemu kubwa ya udongo wao ni kichanga, maji hayakai. Machi ile baadaye ilihesabiwa kati ya Machi kavu kabisa za Ujerumani tangu vipimo vya mwaka 1881. Kumbe nilikuwa nimejilaza juu ya ukame wa mtu mwingine, mwendo wa treni tu kutoka nilipo, na yeye sikumwonea haya hata kidogo. Yule simjui. Aibu yangu, basi, haikuwa ikipima nani anaumia. Ilikuwa ikipima nani atanijua.

Hapo nikakumbuka msiba wa babu. Watani walikuja, na kabla machozi hayajakauka mmoja akajilaza karibu na kaburi akidai alipwe kwanza ndipo marehemu azikwe. Watu walicheka. Bibi mwenyewe, mfiwa mkuu, alicheka mpaka khanga ikamdondoka. Hakuna aliyesema yule mtani hana huzuni. Alikuwa amekesha nasi, alikuwa amechota maji, na kicheko chake alikileta mbele ya mfiwa, hakukificha nyuma ya nyumba. Angekutwa anacheka peke yake kule nyuma, nadhani tungemchukia.

Nimekaa na picha hiyo muda mrefu. Sidai kwamba mtani anamaliza swali, maana mtani amefika, na mimi niko mbali. Simu si sawa na kuchota maji. Lakini ilinionyesha kwamba nilikuwa nikichunguza kosa lisilo lenyewe. Nilihangaika na raha, wakati uongo ulikuwa umekaa palepale, mwepesi, hata sikuuhesabu. Na uongo ule ulimnyima mama kitu: mtoto wake akiwa mzima, ana furaha, miguu peku.

Jumapili ya mwisho ya Machi saa za Ujerumani zilisogezwa mbele, tukawa tumesogeleana na Tanzania kwa saa moja. Nilikwenda Tempelhof, nikavua viatu, nikapiga mimi.

"Mama, juzi nilikudanganya. Huku kuna jua. Nimelala nje, kwenye majani. Tuko maelfu."

"Mnalala juani?"

"Ndiyo."

"Kwa hiari yenu?"

Alicheka, kisha akawaita waliokuwa karibu awasimulie, nikawa nasikia sauti zikishangaa kwa mbali. Mahindi ya upande wa juu alishakata tamaa nayo, akaniambia. Ya bondeni bado anayaangalia. Mtama umesimama. Halafu akanyamaza kidogo.

"Hao wenyeji wako," akasema, "hawana mashamba? Na wao wanangoja mvua?"

Nikamwambia habari za yule mzee wa Brandenburg.

"Haya," akasema. "Muulize huyo mwenzako, baba yake amepanda nini."