Laki Tatu Nilizookoa

Mwaka 2021 nilitumia miezi minne kutafuta gari nisilolihitaji. Nalisema hilo mapema ili tusidanganyane. Kazini nilikuwa nikifika kwa matatu moja na dakika kumi za kutembea. Gari nililolitaka ni Toyota 86: milango miwili, injini ya boksa ya lita 2, nguvu za farasi 200, tairi za nyuma ndizo zinazosukuma, na viti vya nyuma ambavyo mtu mzima hakai bila kuyaomba magoti yake radhi.

Kulitaka hakukuwa kosa. Kosa lilianza nilipoanza kulipigia hesabu.

Mtu anayeagiza gari kutoka Japani hujifunza upesi neno gredi. Sisemi ile alama ya mnada inayoeleza gari limekwaruzwa wapi. Nasema ngazi ya vikorombwezo aliyoipanga mtengenezaji mwenyewe. Toyota ilipoizindua 86 nchini Japani mwaka 2012, iliipa gredi nne. Chini kabisa ilikuwa RC, iliyouzwa bila kiyoyozi, ikiwa na rimu za chuma na bampa zisizopakwa rangi, kwa ajili ya watu ambao wangeifungua na kuijenga upya kwa mashindano. Juu yake ilikuja G, kisha GT, na kileleni GT Limited, yenye spoila nyuma na viti vya kifahari vinavyopashwa moto, starehe ambayo mtu wa Mombasa hana kazi nayo. Bei ilianzia takriban yeni milioni 2 na kufika karibu milioni 3. Injini ilikuwa ileile katika zote nne. Farasi ni walewale 200.

Basi nikafungua jedwali la Excel. Nikaorodhesha kila kikorombwezo, nikakipa alama, nikagawanya alama kwa bei. Nikaongeza kodi, kwa sababu Kenya mwaka ule gari la aina hii lilitozwa asilimia 25 ya ushuru wa forodha, kisha asilimia 25 ya ushuru wa bidhaa, kisha asilimia 16 ya kodi inayoitwa, bila mzaha wowote, ya ongezeko la thamani. Kila moja hukaa juu ya mgongo wa iliyotangulia, hivyo tofauti ndogo ya gredi kule Yokohama hufika bandari ya Kilindini ikiwa imenenepa. Jedwali likatoa hukumu: G. Karibu raha yote ya GT Limited, kwa laki tatu pungufu.

Usiku ule nilimpigia simu Mama.

"Nimeokoa laki tatu, Mama."

Akanyamaza kidogo. "Alhamdulillahi," akasema. "Ziko wapi?"

Nilicheka, nikadhani amefanya utani. Mama hakucheka. Alikuwa ameuliza swali la kawaida kabisa, kama anavyouliza funguo ziko wapi au mtungi wa gesi uko wapi. Mtu akiokoa pesa, pesa zina mahali. Nilianza kumweleza habari ya gredi, na katikati ya maelezo nikajisikia kama mtoto anayeeleza kwa nini sukari imepungua.

Jambo ambalo sikumwambia ni kwamba wiki mbili kabla ya simu ile, mdogo wangu wa kike aliniomba elfu sitini za ada ya mitihani ya uhasibu. Nilimjibu kwa neno moja. Sina.

Laki tatu zile hazikuwa mahali popote kwa sababu zilikuwa umbali tu, umbali kati ya gari nililolitaka na gari jingine ambalo nisingelinunua kamwe. Nikijilinganisha na mnunuzi wa Porsche, nimeokoa mamilioni. Nikijilinganisha na mtu niliyekuwa asubuhi ile, abiria wa matatu, sijaokoa hata ndururu. Kiasi cha akiba kinategemea jirani niliyemchagua, na jirani huyo sikumchagua mimi. Alinichagulia muuzaji alipozipanga gredi zake kwenye ngazi.

Hili halikuanza leo. Mwaka 1992 watafiti Itamar Simonson na Amos Tversky walichapisha jaribio la kamera. Watu walipopewa kamera mbili za Minolta, moja ya dola 170 na nyingine ya 240, waligawanyika nusu kwa nusu. Ilipoongezwa ya tatu, ya dola 470, waliochagua ile ya 240 wakafika asilimia 57. Kamera yenyewe haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba sasa iko katikati, na katikati panaonekana kama makao ya watu wenye busara. Aliyeinunua alirudi nyumbani akijiona amejizuia, na huenda bila ile ya 470 angenunua ya 170.

Mhandisi wa Kifaransa Jules Dupuit aliliona jambo hili kwa upande wa pili mwaka 1849, akiandika juu ya reli. Mabehewa ya daraja la tatu hayakuwa na paa. Alieleza kwamba kampuni hazikuwanyima maskini paa kwa sababu ya gharama ya mbao. Zilitaka kumtisha abiria wa daraja la pili mwenye nauli, asije akashuka kukaa na wa tatu. Tangu nisome habari hiyo, kila ninapoona kitu kimeondolewa kwenye gredi ya chini, najiuliza kama kimeondolewa ili bei ishuke au ili mimi nipande. Mwaka 2022 BMW ilianza kuwatoza wateja wa baadhi ya nchi ada ya kila mwezi ili wapashe moto viti ambavyo tayari vilikuwa na nyaya ndani. Mwaka uliofuata ikaachana na mpango huo. Paa lilikuwepo. Lilikuwa limefungwa kwa kufuli.

Na ngazi hupinduka pia. Porsche huuza baadhi ya magari yake makali yakiwa na kamba ya kitambaa mahali pa mkono wa kufungulia mlango, ili kupunguza uzito, na magari hayo ni miongoni mwa yaliyo ghali. Upungufu wa aliyelazimika na upungufu wa aliyechagua hufanana kwa macho, lakini ni mmoja tu anayepigiwa makofi.

Utasema: basi tusilinganishe? Hapana. Kulipa zaidi kwa kitu usichokitumia ni ufujaji, na ufujaji haugeuki kuwa ukarimu kwa kuwa mtu hakupiga hesabu. Tena kulinganisha kunafundisha. Tairi za kiwandani za GT zilikuwa Michelin za aina iliyofungwa pia kwenye baadhi ya Prius, gari la watu wanaohesabu mafuta. Nilipojua hilo nilidhani ni ubahili. Kumbe timu ya mhandisi mkuu, Tetsuya Tada, haikutaka gari ling'ang'anie barabara kupita kiasi. Ilitaka dereva wa kawaida ahisi nyuma ikianza kuteleza akiwa bado kwenye mwendo wa kibinadamu. Tairi bora zaidi lingefanya gari bovu zaidi, kwa kazi ile. Thamani ya kitu haijulikani mpaka ujue kinatakiwa kwa nini, na hilo hakuna jedwali linaloweza kukujibia.

Ndiyo maana hesabu sharti ije baada ya kukiri. Ukishasema "nalitaka, silihitaji," unaweza kukaa na orodha kwa amani. Unauliza kila kikorombwezo kinamhudumia nani: mikono na mgongo wako, au macho ya watu kwenye foleni? Unauliza kipi fundi wa mtaani anaweza kukiongeza baadaye na kipi kimezaliwa na gari. Unajiuliza ungechagua gredi gani kama ile ya juu kabisa isingekuwepo. Kwangu mimi jibu lilibaki G. Jedwali lilikuwa sahihi. Mwongo nilikuwa mimi.

Mwanafalsafa Peter Singer aliandika mwaka 1972 kwamba ukimwona mtoto anazama dimbwini utaingia kumwokoa hata kama nguo zako zitaharibika, na kwamba mtoto aliye mbali hapungui haki kwa umbali wake. Hoja hiyo ukiifuata hadi mwisho, sidhani kuna gari la michezo hata moja litakalobaki barabarani, wala harusi yenye pilau. Siwezi kuishi nayo yote, na siwezi kuibomoa. Lakini kosa langu halikufika hata huko. Mdogo wangu hakuwa mbali, na angeweza kuvumilia kunyimwa. Mtu ana haki ya kuweka akiba kwa furaha yake. Hana haki ya kusema sina.

Litazame neno lenyewe. Kwa Kiswahili kumiliki ni kuwa na kitu, kukaa nacho pamoja. Sina maana yake siko nacho. Laki tatu nilizotangaza kwa furaha, sikuwa nazo. Elfu sitini nilizozikana, nilikuwa nazo, katika akaunti ileile, usiku uleule. Hesabu yangu yote nzuri ilikuwa imefanya kazi moja tu: kunionyesha kama mtu aliyejinyima, ili nisijione kama mtu aliyenyima.

Nilimpigia mdogo wangu siku mbili baadaye. Nilimwambia nilikuwa nazo, ila nilizitaka kwa gari.

Alikaa kimya. "Afadhali ungeniambia hivyo, kaka," akasema. "Ningekukasirikia siku moja, yakaisha. Mimi nilikuhurumia. Nilimwambia Mama asikuombe pesa za umeme mwezi ule."

Nilituma ada usiku huo, lakini usajili wa mitihani ile ulikuwa umefungwa, akasubiri kikao kilichofuata. Hilo halikurekebishika. Gari lilichelewa pia, na lilipofika lilikuwa G, rangi ya fedha, na nilifurahi kama nilivyotarajia kufurahi, tena zaidi kidogo. Barabara ya kutoka Mazeras asubuhi na mapema, gia ya tatu, dirisha wazi: sitajifanya kwamba haikuwa raha.

Siku ya kwanza alipopanda, alikataa kiti cha mbele, akajikunja nyuma makusudi ili anicheke. Akaniuliza limenigharimu kiasi gani. Nikamtajia bei ya mnada, meli, bima, ukaguzi, ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na ile kodi ya ongezeko la thamani, mpaka shilingi ya mwisho. Ilikuwa namba kubwa. Nilipomaliza, sikuongeza kwamba kulikuwa na gredi ya juu kuliko hiyo.