Shujaa na Wale Walio Chini ya Ukuta



Jumamosi moja, baada ya mafundisho ya kipaimara hapa Katesh, naliwakuta vijana wanne chini ya mti wakibishana kwa sauti kubwa, hata nikadhani wamegombana. Nikawaendea ili kuwapatanisha. Wakaniamkia kwa adabu, kisha mmoja akasema, "Hatugombani, Mwalimu. Ni habari ya Superman tu." Wawili walishika neno hili, ya kwamba Superman aliyeonyeshwa katika sinema ya mwaka 2013 si Superman wa kweli, kwa kuwa aliua. Wawili walishika kwamba huyo ndiye wa kweli hasa, na wale waliomtangulia ni wa kuchezea watoto. Nalitaka kuwaambia waende nyumbani wakawasaidie mama zao kuteka maji. Lakini nilipowasikiliza kidogo naliona ya kwamba ubishi wao una kiini ndani yake. Wazee wetu waliuliza swali hilo hilo kabla ya sinema kufika huku, na Kanisa limeliuliza tangu zamani: Je, mwenye nguvu aweza kuua, na akiisha kuua, aitwe shujaa bado?

Wako wasomaji wasioingia kamwe katika vile vibanda vya sinema ambavyo vijana huviita vibanda umiza. Kwa ajili yao na nieleze. Superman ni mtu wa hadithi. Alibuniwa na vijana wawili wa Kiyahudi wa mji wa Cleveland, Marekani, Jerry Siegel na Joe Shuster, na habari zake zilipigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1938. Hadithi yasema kwamba alizaliwa katika ulimwengu mwingine uliokuwa karibu kuangamia. Wazazi wake wakamtia katika chombo, wakamtuma duniani, naye akalelewa na mkulima na mkewe. Hapa duniani huruka angani, huinua gari kwa mikono yake, wala risasi haimwingii. Watu wengi wamekwisha kumwigiza. Watazamaji wa zamani wamkumbuka Christopher Reeve, aliyeanza mwaka 1978, ambaye alimwonyesha kuwa mtu mpole, mwenye tabasamu, asiyejivuna.

Sinema iliyoleta ubishi yaitwa Man of Steel, yaani Mtu wa Chuma cha Pua. Iliongozwa na Zack Snyder, na Henry Cavill ndiye aliyekuwa Superman. Karibu na mwisho, adui yake, Jemadari Zod, amewabana wazazi na watoto wao katika kituo cha gari la moshi, naye ataka kuwateketeza kwa moto utokao machoni mwake. Superman amemkaba shingo kwa nyuma. Amsihi aache. Zod akataa. Ndipo Superman amvunja shingo, kisha aanguka magotini na kulia kwa sauti kuu.

Tangu siku ile wapenzi wa hadithi hizi wamegawanyika. Mark Waid, mwandishi wa Kimarekani ambaye mwenyewe alikwisha kuandika hadithi za Superman, alitangaza waziwazi kuchukizwa kwake. Wenye kumlaumu mwongozaji husema kwamba mtu wa namna hii ameumbwa ili aone njia pale ambapo sisi hatuioni. Akikosa njia kama sisi, ya nini basi kuruka angani? Wenye kumtetea hujibu kwamba hata katika sinema ya mwaka 1980 Zod, akiisha kupokonywa nguvu zake, alitupwa shimoni, na watazamaji wakafurahi bila kuuliza neno. Tena hukumbusha kwamba katika hadithi iliyopigwa chapa mwaka 1988 Superman aliwaua wahalifu watatu, na dhamiri yake ikamtesa hata akajihamisha duniani kwa muda. Jibu hilo lina nguvu. Yule aliyetupwa shimoni huku watu wakicheka alisahauliwa upesi. Huyu wa mwaka 2013 alililiwa na aliyemwua.

Hapa niseme neno la kando. Katika vibanda vyetu watu wengi hawasikii maneno ya mwigizaji mwenyewe. Husikia sauti ya mtafsiri, aelezaye sinema kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili, kwa namna aliyosifika nayo Lufufu katika nchi yetu, na DJ Afro huko Kenya. Mtafsiri huongeza chumvi. Humtia shujaa maneno ya kejeli na vitisho ambavyo hakusema kabisa. Vijana wangu wawili walishikilia kwamba Superman alimtukana Zod kabla ya kumvunja shingo. Sivyo, alimsihi. Basi sehemu moja ya ubishi wao ilikuwa juu ya Superman wa mtafsiri, wala hawakujua.

Tena kuna jambo lituhusulo sisi tufundishao. Sinema ile ilipotoka, wenye kuitangaza huko Marekani waliwaita wachungaji waitazame bure, wakawapa na maelezo ya kuhubiri, wakimlinganisha Superman na Bwana wetu. Na kweli, katika sinema shujaa asema ana umri wa miaka 33, naye aonyeshwa kanisani, na nyuma yake dirisha lenye picha ya Kristo akiomba bustanini. Mimi nisingeyapokea maelezo yale. Yeye aliyeomba bustanini alimwambia Petro arudishe upanga alani mwake, akaliponya sikio la mtumwa wa adui. Anayetaka kulinganisha na alinganishe mpaka hapo pia.

Lakini tusiwacheke Wamarekani, kana kwamba swali hili ni lao tu. Katika wilaya hii ya Hanang, George Klima, mtaalamu wa Kimarekani aliyekaa na Wabarabaig katika miaka ya 1950, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1970 habari ya desturi ambayo wazee wengi waijua. Kijana aliyeua simba au tembo, au mtu aliyehesabiwa kuwa adui wa kabila, alirudi nyumbani kwa shangwe. Alipambwa mapambo ya wanawake, akapewa zawadi za ng'ombe. Yamkini mtu atasema, "Huo ulikuwa ushenzi." Na aseme hivyo, ila akumbuke kwamba katika miji mikubwa ya Ulaya majemadari wamesimamishiwa sanamu za shaba kwa sababu iyo hiyo. Na akumbuke pia kwamba simba yule alikula ng'ombe, na ng'ombe ndio maziwa ya watoto. Jamii isiyo na askari wala bunduki humsifu yule asimamaye mbele ya hatari, wala si ajabu. Ubaya uliingia pale sifa ilipoanza kuhesabiwa kwa wafu, na mtu asiye na kosa akauawa ili mwingine apate ng'ombe na jina.

Daudi naye alisifiwa hivyo. Wanawake wa Israeli walitoka na matari wakampa Sauli hesabu yake ya waliouawa, na Daudi wakampa hesabu kubwa zaidi, na hesabu ile ndiyo iliyozaa wivu na taabu ya miaka mingi. Hata Daudi alipotaka kumjengea Bwana nyumba, alikataliwa, kwa kuwa alikuwa amemwaga damu nyingi. Naona jambo hili ni la ajabu. Vita vile vilikuwa vya kuwalinda watu wa Mungu, wala Daudi hakutupwa. Walakini mikono ile haikufaa kwa kazi ile. Aliruhusiwa kukusanya dhahabu na mierezi tu, mwanawe akajenga.

Dr. Martin Luther aliulizwa na askari mmoja wa cheo, Assa von Kram, kama mtu wa vita aweza kuwa na amani na Mungu. Akamjibu kwa kitabu kilichotoka mwaka 1526. Alifundisha kwamba kazi ya upanga, ikiwa ni kuwalinda wengine, yaweza kuwa kazi ya upendo, kama tabibu akataye mkono uliooza ili mwili upone; lakini aendaye vitani kwa kutafuta sifa au mali amejiharibia mwenyewe. Nawe wamkumbuka Mchungaji Dietrich Bonhoeffer wa Ujerumani, aliyejiunga na wale waliofanya shauri la kumwondoa Hitler, akanyongwa huko Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945. Bonhoeffer hakusema kwamba kumwua dhalimu ni jambo safi. Alifundisha kwamba huenda mtu akalazimika kujitwika hatia kwa ajili ya jirani, lakini asiiite hatia hiyo haki. Auweke mzigo mbele ya Mungu na kungojea rehema.

Kwa hiyo nikiulizwa juu ya shingo ya Zod, nasimama karibu na wale wenye kuitetea sinema. Jamaa ile ilikuwa kituoni, moto ulikuwa umewafikia. Aliyeua hakucheka, wala hakupokea ng'ombe.

Walakini sijaipenda sinema ile, na sababu yangu ni nyingine. Nadhani vijana wasingeiona kama wasingalikuwa watoto wa Katesh.

Kabla ya kufika kituoni, Superman na Zod wapigana mjini muda mrefu. Wavurumishana kutoka jumba hata jumba. Maghorofa yaanguka moja juu ya jingine, vumbi laifunika nchi. Yule mmoja akitupwa apitia ukutani, na ukuta hujaa watu, maana ni maofisi na makao. Watazamaji kibandani hupiga makofi. Mimi nami nalipiga nilipoiona mara ya kwanza, sifichi.

Naliiona tena baada ya tarehe 3 Desemba 2023. Siku ile ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Mvua ilikuwa imenyesha sana, na sehemu ya mlima wetu Hanang, wenye mita zaidi ya 3,400, ikaachana na kuteremka, tope na mawe na miti mizima, ikaingia Katesh na vijiji vya kando kama Gendabi. Waliokufa walizidi 80, na maelfu wakakosa makao. Sina haja ya kuwaeleza wasomaji wa Hanang, waliona. Askari wa Jeshi la Wananchi walichimba, na wanakijiji wakachimba, na mtu aliyekuwa na jembe tu alichimba kwa jembe. Kazi ilikuwa ya polepole mno. Mtu alichota tope, akanyamaza asikilize, akachota tena. Tangu siku hizo siwezi kuona ukuta ukianguka katika sinema bila kuuliza nani alikuwa nyuma yake.

Na Man of Steel haiulizi, au yauliza kidogo sana. Wako watu watatu wa gazeti, mmoja amekwama chini ya vifusi, na wenzake wakataa kumwacha. Ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Lakini shujaa mwenyewe, mwenye nguvu za kuinua kifusi chote kwa mkono mmoja, hashuki. Macho yake yamemshika adui. Wengi wa wenye kulaumu walilisema jambo hili pia, na kwa hakika liliwafikia watengenezaji, kwa maana sinema iliyofuata, ya mwaka 2016, mapema yaonyesha maangamizi yale yale, yakionwa na mtu aliye chini barabarani, akimbiliaye ndani ya vumbi na kumwokoa mtoto. Baadaye, mwaka 2025, alikuja Superman mwingine, David Corenswet, akiongozwa na James Gunn. Huyu, katikati ya kupigana na dubwana kubwa kama mlima, asimama kumwokoa kindi. Watu walibishana tena. Wengine walisema ni upuuzi, mji waangamia naye ashughulika na mnyama wa kutupwa. Mmoja wa vijana wangu alisema hivyo hivyo.

Nikamwuliza, "Siku ya tope, baba yako alichimba wapi?"

Akasema, "Kwa jirani."

"Alikuwa amejua jirani yu hai?"

"Hakujua, Mwalimu. Alisikia mbuzi."

Wenzake wakanyamaza. Sikutaka kumwaibisha, nikageuza maneno, nikawauliza kama wakumbuka ile jamaa ya kituoni, wale wazazi na watoto wao ambao kwa ajili yao shingo ya Zod ilivunjwa. Wote wanne waliwakumbuka. Nikauliza baada ya pale walikwenda wapi, walilala wapi usiku ule, na mji umebomoka. Wakatazamana. Yule mdogo wao, ambaye muda wote hakuwa amesema neno kubwa, akaniuliza kama naweza kuwaazima simu yangu, wairudie sehemu ile ya mwisho waangalie kama waonekana.

Tukaitazama pamoja, sisi watano, kwenye kioo kidogo chenye ufa. Hawaonekani.