Anayefungua Baada Yako

Fundi alianza na kiti cha dereva, kwa sababu ndicho kilichokuwa kimechoka zaidi. Alifungua boliti nne, akakitoa nje, akakilaza juu ya meza ya mbao, kisha akaanza kukata vipete vya waya vinavyoshikilia ngozi upande wa chini. Kimoja kimoja, bila haraka. Mimi nilikuwa nimetumwa na mjomba kusimamia kazi, yaani kuangalia fundi asije akabadilisha spea. Nilikaa juu ya debe tupu la rangi, simu mkononi, nikijua baada ya dakika kumi nitakuwa nimeboeka. Niliishia kurudi siku nne mfululizo.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z, milango miwili, viti viwili, pua ndefu. Kama umekulia Nax, hata kama magari si kitu chako, jina hilo umewahi kulisikia kwa wazee. Datsun 240Z ilishinda Safari Rally ya 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta, ambaye mwaka huo alimaliza akiwa sawa kwa pointi na Harry Källström na bado ushindi ukawa wake. Hili letu halikuwahi kushindana na mtu yeyote. Lilikaa miaka mingi chini ya turubai kwenye boma moja Njoro, kuku wakitaga ndani. Mjomba alilinunua bei ya kutupa, akapata mteja Nairobi, na mteja akawa na sharti moja tu: ndani kuwe orijino.

Kuvua gari ngozi ni kazi ya adabu. Ngozi kuukuu haitupwi, hata ikiwa imechanika vipi, kwa sababu ndiyo ramani. Fundi anafumua mshono kwa wembe, analaza kila kipande juu ya ngozi mpya, anachora kwa chaki, anakata. Ukiitupa mapema, umetupa vipimo. Kwa hiyo alikuwa akifungua polepole, akipanga vipande sakafuni, ndipo akafika chini ya sponji akanyamaza.

Mikanda ya mpira ya kiwandani haikuwepo. Mahali pake palikuwa na vipande vya tyubu ya lori, vimekatwa upana mmoja, vimefungwa mafundo yanayofanana. Juu ya tyubu kulikuwa na gunia lenye herufi K.F.A., chama cha wakulima kilichokuwa na makao yake makuu hapa hapa Nakuru. Na juu ya gunia, kwa kalamu iliyofifia, mshale na maneno matatu: RELI IMEPINDA HAPA.

Fundi alipapasa kwa kidole pale mshale ulipoelekea. Kweli, reli ilikuwa imepinda. “Huyu jamaa ameniokoa,” akasema. “Ningeikaza hii bila kujua, ingekatika.”

Kiti cha abiria kilikuwa hadithi nyingine. Kwa macho kilikuwa safi. Ngozi bandia nyeusi, mshono umenyooka, hata mjomba alikuwa amesema hicho kisiguswe, tusipoteze doo. Fundi alikibonyeza mara moja. “Hiki kinanuka.” Alipokifungua tukakuta sponji iliyooza, kiota cha panya, gundi imemwagwa kila mahali, na fremu iliyoliwa na kutu kisha ikapakwa rangi nyeusi juu ya kutu hiyo hiyo. Tukainua kapeti. Chini yake, sakafu ilikuwa na shimo la ukubwa wa sahani, limefunikwa kwa bati na puti, halafu juu yake ikapakwa lami ili ifanane na ile ambayo kiwanda hupaka kuzuia kelele. Aliyefanya kazi hiyo alijua kabisa anachofanya.

Sasa hapa ndipo unatarajia nikuletee ile meli ya Theseus: mbao zikibadilishwa zote, je, ni meli ile ile? Ni swali tamu, na nimewahi kulibishania mpaka saa nane za usiku. Lakini nikiwa juu ya lile debe la rangi niliona kwamba silo swali lililokuwa mbele yetu. Kila kitu kinachotumika kinabadilishwa vipande. Tulichokuwa tukiangalia ni watu wawili, waliofanya kazi ndani ya gari moja, wakiwa na dhamiri mbili tofauti.

Na neno “orijino” haliwezi kuwatofautisha. Kwa kipimo hicho wote wawili wana makosa, maana kila mmoja aliweka kitu ambacho kiwanda hakikuweka. Tena yule wa pili angepata maksi zaidi, kwa kuwa ngozi yake ilifanana na ya kiwanda, wakati mwenzake alitia gunia la mahindi kwenye gari la michezo. Kipimo kinachompa tuzo mwongo na kumtia aibu mkweli kina shida mahali.

Tofauti yao ni ipi? Yule wa kwanza hakuwa na vifaa, lakini alichofunika kilikuwa kinabeba mtu. Na pale ambapo pangemletea mwingine shida, aliandika. Alimwandikia nani? Si mwenye gari, kwa sababu mwenye gari haangalii chini ya sponji. Hakuongezewa hata shilingi kwa maneno yale matatu. Alimwandikia mtu ambaye hangemwona kamwe, fundi atakayefungua baada yake. Yule wa pili alicheza kamari kwamba hakuna atakayefungua, au kwamba siku hiyo ikifika yeye atakuwa ameshaenda na pesa zake.

Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite, na mimi siwapingi. Si kila kitu ni cha kuanikwa. Kiti kina ngozi kwa sababu, na binadamu pia tuna mambo ambayo ni haki yetu kuyafunika. Shida inaanza pale ambapo gharama ya kilichofunikwa itamwangukia mtu asiyejua kwamba kipo. Kama wewe ni mpangaji, hili hulihitaji kufafanuliwa. Unahamia nyumba imepakwa rangi mpya, inang’aa, unapiga picha unaposti. Mvua za Aprili zinapofika, unyevu unachungulia kwenye kona ya chumba cha kulala, kisha ukungu mweusi, kisha mtoto anakohoa. Mwenye nyumba aliujua ukuta huo. Rangi haikuwa ya kukukaribisha. Ilikuwa ya kukunyamazisha mpaka ulipe deposit.

Mjomba alipopigiwa simu kuhusu sakafu, hakufurahi. Kukata bati lile na kuchomelea sakafu mpya kulimaanisha pesa nyingine na wiki nyingine, na ada za shule hazingojei. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Alisema mteja ananunua gari la kuonyesha watu Jumapili, si la kubeba mchanga. Alisema kapeti mpya ikishawekwa, nani atajua? “Sisi tunauza gari, hatuuzi historia ya Njoro.”

Fundi alimsikiliza kwenye spika mpaka mwisho. “Boss, kapeti nitaweka,” akajibu. “Lakini kazi ya ndani haionwi na mwenye gari. Inaonwa na fundi mwingine. Siku akiinua, atasema huyu wa Nakuru alikuwa mwizi, na atakuwa hajakosea.”

Usiku huo nikamtumia mjomba picha ya ile 240Z iliyoshinda 1971. Nissan wameihifadhi kwao Japani, na imetunzwa na makovu yake ya Safari, bodi imebonyea kama ilivyotoka kwenye matope yetu. Kama kuna watu wenye uwezo wa kuirudisha ikawa mpya kabisa, ni wao walioitengeneza. Lakini wanajua kwamba bila yale makovu ingekuwa Datsun tu, nzuri, isiyosema ilikokuwa. Mjomba alijibu kwa emoji ya kidole gumba, ambayo kwa wajomba inaweza kumaanisha chochote.

Asubuhi akasema sakafu ichomelewe.

Sitaki kumgeuza fundi awe mtakatifu wa vitu vya kale. Gunia alilitupa, lilikuwa limeoza. Tyubu alizitupa pia, akaweka mikanda mipya. Hakuna tulichobakiza kwa ajili ya hisia, na nadhani ni sawa: kumheshimu aliyetangulia si lazima ukalie gunia lake. Reli aliinyoosha, lakini chuma kikishapinda mara moja hakiaminiki kama mwanzo. Kwa hiyo kabla ya kufunga ngozi mpya, alichukua kalamu ya wino mzito akaandika kwenye kitambaa cha chini: tarehe, aina ya sponji, na “reli ya dereva ilipinda, imenyooshwa, usikaze sana.” Kwenye sakafu akaandika mahali ambapo bati jipya linaanza na linapoishia. Kisha akafunika vyote, vizuri, mpaka huwezi kujua.

Mjomba alimwambia mteja ukweli wote, picha kwa picha. Mteja alinyamaza siku mbili. Aliporudi alipunguza bei, si kidogo, akalichukua gari. Mjomba bado hunikumbusha kiasi kile kila tunapokutana kwenye hafla za familia, na mimi sina jibu linaloweza kulipa ada ya mtu.

Ninachojua ni kwamba mahali fulani Nairobi kuna kiti kizuri cheusi, na chini yake kuna maandishi ambayo mwenye gari huenda asiyaone maisha yake yote. Siku moja ngozi itapasuka, kwa sababu jua halina urafiki na ngozi. Mtu atakata vipete, kimoja kimoja. Atakuta ameachiwa salamu.