Ni wa Wapi Huyo?

Ilikuwa baina ya alasiri na magharibi, wakati ambapo baraza za Mkunazini huwa zimejaa na muuza kahawa ameshapita mara ya pili. Tulikuwa watu watano tumekaa, wote watu wazima, wote tunaojihesabu kuwa watu wa heshima. Mara tukasikia ukelele wa mwanamke, na kabla hatujageuza shingo kijana mmoja akapita mbele yetu mbio, mkoba wa kike ameukumbatia kifuani, akakata kona na kupotea. Nyuma yake akaja mwenye mkoba, kiatu kimoja tu mguuni, kiwiko kinamvuja damu. Hakuna aliyeinuka. Mmoja wetu akauliza, na swali lake ndilo lililonifanya niyaandike haya: “Ni wa wapi huyo?”

Hakuuliza kama ameumia. Wala haikuwa wazi anamkusudia nani, aliyekimbia au aliyeporwa. Nadhani alitaka kuwajua wote wawili, kisha ndipo aamue uzito wa jambo lenyewe.

Mwanamke alikuwa mtu wa bara, lafudhi ilimtambulisha. Kijana alikuwa wa mtaani petu, na mimi nilimwona uso. Nilimjua yeye, nikamjua mama yake, na marehemu babu yake nilipata kusali naye safu moja. “Baba zangu,” mwanamke akasema, “hamkumwona?” Tukajibu kwamba hatukumwona vizuri. Akatutazama mmoja mmoja, kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa: “Mnamficha kwa kuwa ni mwenzenu. Mwizi angekuwa mimi, mngenikamata.”

Hapo ndipo tulipoamka. Mwizi hakutuinua, damu haikutuinua, bali neno lile lilituinua sote. Mpaka adhana ya magharibi hatukuzungumza tena habari ya mkoba. Tulizungumza habari ya tusi. Nani amempa ruhusa ya kutuita wabaguzi? Mmoja akahesabu jamaa zake waliooa bara. Mwengine akakumbusha kwamba kisiwa hiki kimewapokea Wangazija, Washihiri, Wahindi, Wamanyema na Wamakonde, na kwamba ukichunguza damu ya yeyote katika sisi watano utazikuta bandari zote za bahari hii. Yote hayo yalikuwa kweli. Na yote hayo yalisemwa baada ya mwanamke kwisha kuondoka peke yake.

Sitaki kuwadharau wenzangu, kwani wepesi wetu wa kuumia una sababu. Hapa petu swali la asili halikuwa mchezo wa maneno. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mgao wa chakula ulifuata asili ya mtu kama ilivyoandikwa na serikali ya kikoloni, na jina la kabila likawa ndilo linaloamua kilichomo chunguni. Ghasia za uchaguzi za Juni 1961 ziliua watu zaidi ya 60. Januari 1964 wapo waliouawa kwa sababu ya nasaba zao tu, na wapo waliopanda majahazi wasirudi tena. Watoto wa waliotenda na watoto wa waliotendwa wamekuja kukaa baraza moja. Ndiyo maana tumejifunza kulizungumza jambo hili kwa kuzunguka, kama mtu apitaye kando ya kisima usiku. Adabu hiyo ina faida zake, imetuwezesha kuishi. Lakini jioni ile niliona adabu hiyo hiyo ikifanya kazi nyengine, nayo ni kutupa kisingizio.

Kuna kisa cha London, jiji ambalo nyumba nyingi za visiwa hivi zina mtoto au mjomba anayeishi huko, ambacho kimekuwa kikinirudia tangu siku ile. Usiku wa tarehe 22 Aprili 1993, kijana mweusi wa miaka 18, Stephen Lawrence, mwana wa wazazi waliotoka Jamaica, alikuwa akingojea basi pamoja na rafiki yake katika mtaa wa Eltham. Kundi la vijana wa kizungu likamshambulia na kumchoma kisu. Alijikaza akakimbia, kisha akaanguka. Ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na Sir William Macpherson ilitoka Februari 1999, na wengi wanaikumbuka kwa shutuma yake kwamba polisi wa jiji lile walikuwa na ubaguzi uliojengeka ndani ya taasisi yenyewe. Mimi nakumbuka zaidi habari ya mume na mke waliokuwa wakipita kwa miguu, wametoka kwenye sala. Mume alikiri mbele ya tume kwamba alipowaona vijana wawili weusi, mmoja akianguka, jambo la kwanza lililomjia ni kuwa huenda huo ni mtego wa waporaji. Kisha wakaenda. Wakapiga magoti pale njiani, mke akakishika kichwa cha yule mgonjwa na kumwambia maneno ya mapenzi, ili asife akidhani yuko peke yake.

Polisi waliofika hawakumpa huduma ya kwanza ipasavyo, na rafiki yake, aliyekuwa shahidi na mhanga, alitazamwa kama mshukiwa. Baadaye ikasemwa kwamba upelelezi ulikwama kwa sababu wakaazi walijenga ukuta wa kimya. Ripoti ilionyesha kuwa sivyo: majina yalianza kuletwa mapema mno, tangu siku iliyofuata. Watu walisema, aliyekosekana ni msikilizaji. Ilibidi kungojewa mpaka Januari 2012 ndipo wawili katika wauaji wahukumiwe.

Yule mume namwonea wivu. Dhana mbaya aliyokuwa nayo ni ile ile tuliyo nayo sisi tukimwona kijana asiye wa kwetu anakimbia kichochoroni. Hakujitia kuwa na moyo safi. Lakini hakukaa kuuchunguza moyo wake huku mwenziwe anatoka damu. Aliibeba ile dhana kama mtu abebavyo kikohozi, akaenda nayo.

Lipo na tukio la upande wa pili, huko huko Uingereza. Ripoti ya Profesa Alexis Jay ya Agosti 2014 ilikadiria kuwa watoto wapatao 1,400 walitendewa uovu wa kijinsia katika mji wa Rotherham baina ya 1997 na 2013. Wengi wa watendaji walielezwa kuwa na asili ya Pakistan, na baadhi ya wafanyakazi walisema walisita kuitaja asili hiyo kwa kuogopa kuitwa wabaguzi. Hofu hiyo haikuwa sababu pekee: polisi waliwadharau wasichana wale na kuwaona kama walijitakia. Hata hivyo hofu ilikuwepo, na ilivaa nguo nzuri.

Basi mbaguzi humtazama mtu na kuuliza, huyu ni wetu? Anayeogopa kuitwa mbaguzi hujitazama mwenyewe na kuuliza, nitaonekanaje? Maswali hayo tumezoea kuyaona kama mahasimu. Mimi nayaona ni ndugu, kwani katika yote mawili yule mwenye kiwiko kinachovuja damu hayumo.

Jamaa yangu mmoja, niliyempa fikra hizi, alinipinga, na pingamizi lake si la kupuuzwa. Alisema: ungelitaja jina la kijana yule pale njiani, watu wangelimpiga mpaka kumuua, tumeona mara ngapi neno “mwizi” likitoa roho ya mtu kwa ajili ya kuku au simu? Ni kweli, na Mungu atuepushe. Lakini sisi hatukunyamaza kwa kumhurumia. Hakuna aliyelitaja jambo hilo jioni ile. Limezaliwa siku ya tatu yake, tulipohitaji kitu cha kujifunikia. Na baina ya kupiga kelele sokoni na kukaa kimya kuna nyumba ya sheha, ambayo kutoka barazani petu si mbali hata kwa mzee.

Nilikwenda siku ya tisa. Sheha alinisikiliza, akanipeleka kituoni, na askari aliyeandika maelezo yangu aliniuliza kwanza: “Kijana mwenyewe kabila gani?” Nikamwambia jina lake, la baba yake, na nyumba anayolala. Akaandika.

Mkoba ulipatikana ukiwa mtupu. Kijana yuko nje kwa dhamana. Mama yake haitikii tena salamu yangu, na barazani nikifika mazungumzo hupoa kidogo, kisha huendelea kwa habari za bei ya karafuu. Yule mwanamke namwona mara mojamoja akipita na mzigo wake, upande wa pili wa njia. Bado sijajua jina lake.