Nyumba Mpya Iliyo ya Kale

Katika nchi ya Japani, mjini Ise, liko hekalu la dini ya Shinto ambalo watu wa huko hulihesabu kuwa takatifu kupita yote. Lina nyumba kuu mbili, ya ndani na ya nje. Ile ya ndani ni ya Amaterasu, mungu wa kike wa jua, ambaye watawala wa Japani walihesabiwa kuwa uzao wake. Mgeni afikaye huko akitazamia kuona kuta zilizochakaa hustaajabu, maana nyuma ya ua huona nyumba ya mbao iliyoezekwa kwa majani, nayo ilijengwa mwaka 2013. Hata hivyo wenyewe husema kwamba hekalu lao lina umri wa miaka 1,300 na zaidi. Je, wasema kweli?

Habari yenyewe ni hii. Tangu mwaka 690, zamani za malkia Jitō, imekuwa desturi kuijenga nyumba ile upya kila baada ya miaka 20. Viko viwanja viwili vilivyo sawa, ubavu kwa ubavu. Kimoja kikiwa na nyumba, cha pili hukaa kitupu kikingoja zamu yake. Miaka itimiapo, mafundi hujenga kwa mfano wa ile iliyotangulia. Kisha usiku, gizani, makuhani hukichukua kioo kitakatifu, kilichofichwa machoni pa watu, na kukihamishia katika nyumba mpya. Ndipo ile ya zamani hubomolewa. Mwaka 2013 ilikuwa mara ya 62.

Labda utasema, Nguzo za mti zilizosimikwa ardhini huoza, basi hawana budi. Ni kweli, lakini si kweli yote. Katika nchi iyo hiyo, huko Hōryū-ji, yako majengo ya mbao ya dini ya Buddha yaliyosimama tangu karne ya 7 au ya 8. Wajapani walijua kujenga kwa kudumu. Watu wa Ise walishika njia nyingine. Kwao utakatifu haumo katika mti mkongwe, bali katika usafi na upya, nao huuita tokowaka, maana yake ujana wa daima.

Tena iko hekima katika hesabu ya miaka 20. Kijana ashikaye tezo kwa mara ya kwanza katika ujenzi mmoja, katika wa pili huwa fundi kamili, na katika wa tatu huwa mzee awafundishaye wengine. Kama wangalingoja miaka 100, mikono ijuayo kazi ingalikuwa kaburini. Wahenga walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Ise hujenga ukuta kabla ufa haujaonekana.

Wala desturi hiyo haikujiendesha yenyewe. Katika karne ya 15 na ya 16 vita viliiharibu nchi, na ujenzi ukakoma zaidi ya miaka 100. Ndipo mtawa mmoja wa kike wa dini ya Buddha, jina lake Seijun, alipozunguka akiomba michango, hata nyumba ya nje ikajengwa tena mwaka 1563. Na mwaka 1923 ulifanywa mpango wa kupanda miti ya hinoki, aina ya mberoshi, itakayofaa kwa nguzo baada ya miaka 200. Walioipanda walijua hakika ya kuwa hawataiona ikikatwa.

Basi, nadhani wasema kweli. Ukale wa kitu haumo katika mwili wake tu, bali katika uaminifu wao waliokipokea na kukikabidhi.

Ndugu msomaji, kila mmoja wetu anayo kazi aijuayo vema: kulima, kushona, kuwatunza wagonjwa, kuwapatanisha wagomvi. Nasi twajivunia kuijua. Lakini yatupasa kujiuliza neno jingine: Ni nani asimamaye leo karibu nami akijifunza? Kama hayuko, na tumtafute mapema, kabla nguzo hazijaoza.